Video ya Harusi na Kioo cha Buluu

Mwaka 2012 nilikuwa nikihariri video za harusi katika studio moja ya Kibokoni. Wiki ya harusi kubwa, kompyuta yetu ya Windows 7 ikaanza vituko: kioo chazimika ghafla, charudi, ujumbe watokea pembeni kwamba draiva ya grafiki, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, ilisimama na sasa imeamka. Mara nyingine haiamki. Kioo chote chawa buluu, mashine yajiwasha upya, na kazi ya saa nzima imekwenda na maji.

"Joto hilo, yakhe," ami mwenye studio akasema. "Joto na chumvi ya bahari." Mombasa hiyo ndiyo hukumu ya kila kifaa, na mara nyingi ni ya haki, nimeshafungua mashine zilizoliwa na kutu. Fundi wa Digo Road naye akataka tununue pawasaplai, kile kisanduku cha kulisha mashine umeme.

Lakini ilikuwa ikianguka hata alfajiri, imewashwa sasa hivi, kadi ya grafiki ikisoma nyuzi 60 tu. Na kila mara palepale: nikichezesha picha ya kupamba yenye madoido mengi. Kioo cha buluu kiliandika 0x00000116, msimbo wa kadi ya grafiki kutojibu. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Ikinyamaza, huiwasha upya draiva. Draiva ikishindwa kuinuka, mfumo mzima husimamishwa. Basi nikatazama orodha ya masasisho: wiki ileile draiva mpya ilikuwa imejipachika yenyewe, hakuna aliyeiita.

Nikabonyeza F8, nikaingia sefu modi, hali ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu. Mashine ikakaa usiku kucha bila kuanguka, ami akafurahi. Mimi bado: humo Windows hutumia draiva yake ya kawaida kabisa, kadi iko usingizini, hata mbovu ingenyamaza. Nikaifuta ile mpya, nikaweka ya zamani kutoka kwenye sidii ya boksi, nikachezesha picha ya kupamba mwanzo hadi mwisho. Kimya. Kesho yake Windows ikairudisha mpya! Nikaifuta tena, safari hii nikalificha sasisho lenyewe lisijilete.

DVD zikatoka Alhamisi. Mama wa bibi harusi alilalamikia jambo moja tu, shangazi yake haonekani vya kutosha.

Toleo lililofuata la draiva nililijaribu Ramadhani, studio haina harusi hata moja.