Nati ya Sitini

Juzi binti yangu alimimina siki ndani ya birika ili kuondoa chokaa iliyoganda, na harufu ile kali ilinisimamisha nilipokuwa. Kwangu siki si harufu ya jikoni. Ni harufu ya tangi la mafuta la Volkswagen Beetle ya baba, ya mwaka 1968, tulipoanza kuifufua baada ya miaka mingi ya kukaa bila kuwashwa.

Gari lilikuwa likiwaka vizuri, linakwenda mwendo mfupi, kisha linazimika. Ukiliacha lipumzike, linawaka tena. Kila tulipofungua filta tuliikuta imejaa vumbi jekundu. Baba aliniambia niache kusafisha kabureta, kwa kuwa chanzo cha tatizo kilikuwa mbele, chini ya boneti, ambako Beetle hubeba tangi lake. Tulifungua bolti nne, tukatoa geji pamoja na boya lake, tukamwaga petroli iliyochakaa hadi kunuka kama vanishi, na kuliosha tangi kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu ilipokwisha. Kabla ya hapo hakuruhusu hata tochi isogezwe kwenye mdomo wa tangi, akisisitiza kwamba tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwani kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa.

Kisha tulitia ndani nati 60 ndogo za kukwangua kutu, baba akizihesabu moja moja kwa sauti, tukalitikisa tangi kwa zamu mpaka mabega yakauma. Tuliongeza siki, lita 40 hivi, tukaliacha kwa siku tatu.

Siku ya nne tulimwaga siki iliyokuwa imegeuka nyeusi, tukasuuza kwa maji yenye magadi soda, nami nikamulika ndani. Chuma kilikuwa safi, cha kijivu kinachong'aa, hata alama za mshono wa kiwandani zilionekana. Nilitazama bila kusema neno. Nikiwa bado natazama, pembeni palitokea wingu hafifu la rangi ya machungwa, likatanda taratibu kama chai inavyoingia kwenye maji, likafuata ule mshono hadi chini.

"Baba, kutu inarudi!"

"Chuma kiko uchi, mwanangu, na bado kina maji. Lete spiriti, upesi."

Nilimimina spiriti ili ichukue maji yaliyobaki, naye akalizungusha tangi mikononi kama anayebembeleza mtoto, akiligeuza kila upande. Wingu lile halikuendelea. Hapo ndipo nilipoona viatu vyake vimelowa. Spiriti ilikuwa ikichuruzika kwenye mshono wa chini, kupitia vitundu ambavyo miaka yote hiyo vilikuwa vimezibwa na kutu ileile tuliyoipiga vita kwa siku nne.

Nilitaka tupeleke tangi likachomelewe. Alikataa katakata, kwa sababu petroli hujificha katika mikunjo ya mshono hata baada ya kuosha, na moto huitoa. Tulinunua tangi jipya, likafungwa kwa asubuhi moja, na gari halikuzimika tena njiani. Hadi leo sijaamua kama tungeiacha kutu ile mahali pake tangi lingedumu, au kama tulilifichua tu lilivyokuwa tayari.

Baba hakulitupa. Tulipolipindua ili kutoa nati, alihesabu tena kwa sauti, akaishia 59.

Jioni ile nilimpeleka binti yangu stoo, nikamshushia tangi kutoka juu ya rafu. Alilitikisa, akasikia kitu kikigonga ndani, akaniuliza kama tungeweza kukitoa. Nilishika tochi kwa muda, nikaizima, nikamwomba alitikise tena.