Bf 110, lori langu la angani

Wiki tatu nzima nilikuwa naitukana hii ndege. Bf 110 C-4 ya Wajerumani wa Vita ya Pili ya Dunia, injini mbili, kwenye War Thunder, lile gemu la vita la mtandaoni. Nilihangaika kweli kuifungua nikijua nikiipata tu basi nimemaliza, maana ukiiangalia pale hanga pua yote imejaa silaha, rashasha nne za milimita 7.92 juu na mizinga miwili ya milimita 20 chini, halafu nyuma kuna jamaa amekaa na rashasha yake analinda mgongo. Nikasema leo watu watalia. Nikalia mimi.

Tatizo nilikuwa nakata kona. Nilitokea kwenye Bf 109, ya Wajerumani pia ila injini moja na nyepesi, sasa na huku nikaona Spitfire ya Waingereza nageuka nayo hivyo hivyo, raundi ya kwanza bado naiona, raundi ya pili iko nyuma yangu, ya tatu nimesharudi hanga nachagua ndege nyingine. Yaani ni kama unaifukuza bodaboda kwenye vichochoro na wewe uko kwenye lori la mchanga. 110 ikishajazwa mafuta na risasi inapita tani 6, Spitfire za mwanzo hata tani 3 hazifiki, na bawa mpaka bawa ni mita 16 kwa 11. Yule jamaa wa nyuma usimtegemee hata kidogo, kompyuta ndo inampigia, anamwaga risasi kama anamwagilia bustani.

Sasa juzi bando likakata katikati ya wiki, nikabaki nasoma PDF moja ya historia ya hii ndege niliyoipakua kitambo. Aisee, kumbe sijafanya jambo jipya, wenyewe waliteseka hivyo hivyo.

Iliruka mara ya kwanza 1936. Wakubwa wa jeshi la anga la Ujerumani, mkuu wao Göring mbele, waliipenda sana wakaiita Zerstörer, yaani mwangamizi, kazi yake iende mbali na ndege za mabomu kule ambako 109 mafuta hayafiki. Na mwanzo iliwapa kiburi. Tarehe 18 Desemba 1939 Waingereza walituma ndege zao za mabomu, Wellington, mchana kweupe bila ulinzi kule Heligoland, kisiwa cha Wajerumani, zikapambana 22 zikapotea 12, na 110 zilikuwa kwenye hiyo kazi pamoja na 109. Wellington ilikuwa na bunduki puani na mkiani ila kwa ubavuni haikuweza kujibu, sasa mtu ana mizinga anakuja ubavuni, unamfanya nini?

Ikaja 1940 juu ya Uingereza. Hapo sio Wellington tena, ni ndege za kupigana, Hurricane na Spitfire, na rada inawaambia Waingereza kwamba mnakuja. Marubani wa 110 walipozidiwa walikuwa wanajipanga duara, kila mmoja analinda mkia wa mwenzake, wanazunguka hivyo wakijivuta kurudi nyumbani. Kwenye yale mapambano zilipotea zaidi ya 200, ikafika mahali 109 ndo zinapewa kazi ya kuzilinda 110. Mlinzi katafutiwa mlinzi!

Ila kilichonifungua macho ni kikosi kimoja kinaitwa Erprobungsgruppe 210. Hao walizibebesha 110 mabomu, 12 Agosti wakapiga vituo vya rada kusini mwa Uingereza, wanakuja kasi, wanaachia, wanasepa, hakuna kuzungukazunguka. Siku tatu baadaye walipiga uwanja wa ndege wa Croydon karibu na London, Hurricane zikawanasa, kamanda wao Rubensdörffer akafa siku hiyo. Sasa hapo nikaelewa kitu, hii ndege ikiwa inapita ni hatari, ikianza kuzunguka ni kitoweo.

Bando liliporudi nikabadilisha kila kitu. Nikianza tu siendi mbele, napanda pembeni kabisa mpaka mita elfu nne na kitu, wenzangu kwenye timu wananitukana kwamba nimekimbia, sijibu. Natafuta mtu ambaye amekazana kumfukuza mwenzangu haangalii nyuma, nashuka, nasubiri mpaka mita 300, nabonyeza sekunde moja, napitiliza. Nimpige nisimpige sigeuki. Silaha zote ziko puani kwa hiyo risasi zinaenda kama bomba moja, sio kama Spitfire bunduki ziko kwenye mabawa mpaka upatie umbali zinapokutana. Na mizinga inakula risasi vibaya, kwenye ndege ya kweli kila magazini ilikuwa na risasi 60, zikiisha huyo huyo jamaa wa nyuma anaacha rashasha yake anakuja kubadilisha magazini huku ndege inapinduliwa huku na huku, kwa kweli nimeacha kumlaumu.

Halafu watu wanadhani baada ya 1940 iliisha. Ilihamia usiku. Wakaifunga rada na mizinga inayotazama juu, inajisogeza chini ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, gizani, inapiga tumboni. Rubani mmoja, Schnaufer, aliangusha ndege 121 usiku. Pezi la mkia wa ndege yake, lenye alama za hizo ndege alizoangusha, liko makumbusho ya vita London, la upande wa pili liko Canberra, Australia.

Jana usiku sasa, mtandao unasuasua, pingi 190, nimeshaangusha mbili, ya pili ilikuwa Hurricane iliyonilenga uso kwa uso ikanipatia injini ya kushoto, maji yakavuja yote mpaka ikazima. Nikaivuta na moja tu, chini chini juu ya miti, inavuta upande upande, jasho linanitoka utadhani nimo ndani. Mdogo wangu amesimama nyuma ya kiti anaangalia, akauliza, "Kaka, mbona propela moja haizunguki?"

Nikamwambia tulia, hii inayozunguka ndo spea.