Usiku Es'hail-2 ilipoondoka

Mwaka 2018 nilikuwa fundi wa madishi mjini Doha. Kutwa niko juu ya mapaa ya watu, nimeelekeza dishi kusini magharibi, nalisogeza kidogo kidogo mpaka mita ilie na picha itulie. Upande ule, kwenye nyuzi 26 mashariki, kilomita 35,786 juu ya ikweta, ndiko kuna setilaiti zinazorusha chaneli nyingi za Kiarabu. Nilikuwa napalenga mahali pale kila siku ya kazi, na kwa macho sikuwahi kuona chochote isipokuwa anga.

Basi niliposikia Qatar inapeleka setilaiti yake ya pili, Es'hail-2, niliwaambia wenzangu wa chumbani kwamba usiku huo hatulali. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 15 Novemba, na kesho yake Ijumaa hakuna kazi. Tulijibanza kwenye kitanda cha chini, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya maji, intaneti ikikatikakatika.

Roketi ilikuwa Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, imesimama kule Florida kwenye kituo cha 39A, palepale walipoondokea watu wa Apollo 11 kwenda mwezini mwaka 1969. Mwenzangu mmoja wa Malindi akauliza kama ni mpya. Nikamweleza kwamba sehemu ya chini, ile yenye injini tisa, ilisharuka Julai mwaka uleule ikiwa imebeba setilaiti ya Telstar, ikarudi.

"Ndugu yangu, setilaiti ya pesa zote hizo wameipakia kwenye mtumba?"

Sikuwa na jibu la kumtuliza. Hata mimi moyo ulikuwa unanidunda, kwa sababu mzigo ule ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani tano, na ulikuwa umeundwa kwa miaka.

Saa tano na dakika 46 usiku kwa saa zetu, ikaondoka. Kule kwao ilikuwa alasiri, mwanga tele. Dakika mbili na ushei, sehemu ya chini ikaachana na ya juu. Hapo ndipo chumba kizima kilipokaa kimya. Ya juu ilikuwa inakwenda zake na setilaiti, na hiyo hairudi kamwe. Ile ya chini ikawa inashuka, imekunjua mapezi yake, inawasha injini ili kupunguza mwendo, inatafuta jahazi la chuma lisilo na nahodha katikati ya Atlantiki. Ilipotua kwa miguu yake minne, yule wa Malindi alipiga kelele mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta.

Wengi walilala baada ya hapo. Mimi nilibaki, kwa sababu kwangu jambo lenyewe lilikuwa bado. Ilipita zaidi ya nusu saa tangu kuruka ndipo setilaiti ikaachiwa, na hata hapo ilikuwa imebakiwa na safari ya kujipandisha kwa injini yake hadi mahali pake. Niliiangalia ikijitenga polepole, nikaomba ifike salama.

Ilifika. Februari 2019 mhandisi mmoja Mhindi, mtu wa makamo mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza hewani na watu wa mbali kwa mapenzi tu, aliniita nimfungie dishi dogo juu ya paa lake. Es'hail-2 ilikuwa setilaiti ya kwanza kwenye mzingo ule wa ikweta kubeba mitambo ya wapenzi wa redio, na inafika kuanzia Brazil hadi Thailand. Nilikaza nati, yeye akazungusha kitufe taratibu, na sauti zikaanza kutoka: Mjerumani anamwita mtu wa Afrika Kusini, mtu wa Afrika Kusini anamjibu kama wameketi baraza moja.

"Mzee," nikamwambia, "nifundishe."

Akavuta kiti cha pili, tukaanza na alfabeti.