Na chokaa alichoma nani?

Nimeandika na kufuta mara tatu tangu Jumapili. Leo naliweka hapa jinsi lilivyo, maana nikilala nalo tena usiku huu sitaamka vizuri.

Jumapili nilikwenda Mbagala kwa Shangazi. Mnamjua, ni yule wa redio na wa ndoo ya dagaa. Kompyuta niliibeba kwa makusudi. Miezi mitano sasa naiunda Kilwa, dola ya kale ya pwani yetu, kwa ajili ya gemu letu la kompyuta la kujenga falme za kale. Falme za Aksum na Meroe walipewa wengine, lakini Kilwa niliipigania mwenyewe kikaoni mpaka nikapewa, na nilitaka Shangazi aione kabla ya mtu mwingine yeyote. Amezaliwa Kivinje, hukohuko Kilwa. Hadi leo akisema "nyumbani" hasemi Mbagala.

Tukakaa kibarazani. Nikamwonyesha ramani, majahazi ya Uarabuni yakiingia na kaskazi, dhahabu ya Sofala ikipanda na kusi. Nikamwonyesha sultani, al-Hasan bin Sulaiman, amesimama juu ya ngazi za jumba lake, Husuni Kubwa, na bahari chini yake. Kisha nikabonyeza kujenga. Dhahabu 400, zamu 12. Kuta zikainuka, matao yakajipanga, lile birika la pembe nane likajaa maji. Mchoraji wetu alikesha wiki mbili kwa ajili ya birika lile.

Shangazi akasogeza miwani.

"Pazuri," akasema. "Na chokaa alichoma nani?"

"Hiyo haimo, Shangazi. Ukiwa na dhahabu inakuja yenyewe."

"Inakuja yenyewe?"

"Ndiyo. Kwenye gemu."

"Haya, mama."

Akainuka kwenda kugeuza samaki.

Basi, ni hayo tu. Hakununa. Tulikula vizuri, akanifungia muhogo wa kwenda nao, akanisindikiza hadi kituoni Rangi Tatu. Lakini ile "haya, mama" nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia nikioga, nimeisikia Jumatatu katikati ya kikao mtu akiniuliza jambo jingine kabisa. Naijaribu kwa sauti tofauti. Haya ya kukubali. Haya ya kuchoka. Haya ya mtu aliyetaka kusema neno akaona halina pa kukaa.

Maana babu, baba yake, alikuwa mchoma chokaa. Nalijua hilo tangu utoto! Shangazi ndiye aliyetusimulia jinsi magogo yalivyopangwa duara kama kitanda, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa na usiku kucha mtu halali, anaangalia upepo umegeukia wapi. Wao watoto walikatazwa kusogea. Asubuhi babu alirudi na macho mekundu, vidole vimechanika kwa chokaa, bibi akampaka mafuta ya nazi. Ukuta wowote wa mawe kule pwani ulianza hivyo, wa msikiti, wa jumba, wa kaburi. Na mimi, mjukuu wake, nikamwambia binti yake kwamba chokaa inakuja yenyewe.

Wiki hii mdogo wangu ameletewa barua ya posa na ofisi imehamia Kijitonyama. Hayo nitayaandika siku nyingine, nikipata kichwa cha kuyaandikia.

Jumanne usiku nikafungua tena faili la sultani. Kila kiongozi kwenye gemu ana sifa moja inayombeba, na ya al-Hasan niliiona kazi yangu bora kuliko zote. Aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka 1331 na akaeleza sababu. Sultani anatoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen anamwomba nguo alizovaa, naye anarudi ndani, anabadilisha, anampa. Watu wanamsifu. Mwana wa sultani anazirudisha zile nguo na kumlipa fakiri watumwa kumi. Sultani akisikia jinsi watu walivyofurahi, anaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki nimekisoma labda mara ishirini. Sifa niliyokuwa nimeiandika ilisema: ukitoa zawadi, heshima yako inapanda mara mbili. Jumanne ndipo nilipoona kwamba watu ishirini wamepita katikati ya kisa wakihesabiwa pamoja na pembe, na mimi nimewaruka kila mara nikiwahi kwenye ukarimu. Swali la Shangazi lilikuwa linawahusu hata wao. Nilizima taa nikakaa tu.

Jumatano, sijui nisemeje, nilipata furaha ambayo sijaipata kazini tangu mwaka jana. Nilifika ofisini kabla ya wote, maboksi bado hayajafunguliwa, nikafuta zile dhahabu 400. Sasa Husuni Kubwa inataka tanuri, tanuri linataka kuni, na kuni zinakula msitu wako ulio kwenye ramani. Dari inataka boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba. Mchezaji atakayetaka ukumbi mpana itambidi ajifunze kujenga kuba, kama walivyofanya kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa. Kila sheria niliyoongeza ilivuta nyingine nyuma yake. Na zawadi za sultani sasa zinatoka kwa watu. Ukitoa ishirini, kuna nyumba ishirini kwenye ramani zinazima taa, na mchezaji ataziona zikizima.

Kiongozi wetu wa timu alitazama kimya, kisha akasema watu watachoka, wanataka kufika kwenye vita. Nikamwambia sikubali. Mtu akishajua ukuta umegharimu nini, atakapoiona meli ya Wareno mwaka 1505 atakuwa na kitu cha kuogopa kukipoteza. Amenipa wiki mbili nimwonyeshe. Zinatosha.

Alhamisi nikampigia Shangazi. Sikuiuliza ile haya. Nilimuuliza tanuri moja lilichukua kuni kiasi gani, na lilipoungua, mawe yalizimwa kwa maji siku hiyohiyo au yaliachwa. Alizungumza dakika arobaini, salio likakata, akapiga yeye. Alinitajia hata nyimbo walizoimba wakipanga magogo, akaimba moja nusu, akasahau, akarudi mwanzo. Mwishoni akauliza, "Umeandika yote?" Nikasema nimeandika. "Soma nisikie." Nikamsomea, akanirekebisha mahali pawili.

Bado ile haya ya Jumapili naisikia, ila sasa inakuja na ule wimbo uliokatika katikati.

Jambo jingine. Kijana wa bodaboda anayempeleka mwanangu shule hajaonekana tangu jana na simu yake haipatikani. Si kawaida yake, hata akichelewa dakika tano hupiga. Wenzake kijiweni wanasema huenda ameenda kwao, lakini hakuna aliyemwona akiondoka. Kesho nitampeleka mtoto mwenyewe kwa daladala, halafu nipite kwake nikaulize.