Kupima Kabla ya Kuranda

Mtu aliyefiwa akiingia katika karakana yetu ya kutengeneza masanduku ya kuzikia, baba humpa kiti, humpa pole, hunyamaza naye kwa kitambo, kisha humuuliza swali moja tu: "Marehemu amelazwa wapi, na nani atatupeleka tukampime?" Habari ya bei huja baadaye, mara nyingi jioni, ndugu wakiwa wamekwisha kukusanyika na mchango umeanza kuhesabika. Babu, aliyeianzisha kazi hii katika mtaa wa Majengo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, alifuata utaratibu huohuo. Mimi ni mjukuu wake wa kike, nimekulia katikati ya maranda ya mbao, na nimeona niueleze utaratibu huu kwa kirefu kwa sababu kila mwaka naona unazidi kuachwa.

Watu wa hapa kwetu hawasemi sana jeneza, husema sanduku. Ndugu zetu Waislamu wa mtaa wa Birere ndio wanaolitumia neno jeneza kwa maana iliyo karibu zaidi na asili yake, yaani kile kitanda cha kubebea maiti ambacho hurudishwa msikitini baada ya maziko, kwa kuwa wao humzika marehemu ndani ya sanda, siku ileile ikiwezekana. Babu alikuwa Mkristo, lakini kitanda cha namna hiyo kilipovunjika mguu kililetwa kwake, akakitengeneza na akakataa kupokea chochote. Alisema kitu kinachobeba watu wengi hivyo hakiwezi kuwa na mteja mmoja wa kukilipia.

Ili kuelewa kwa nini tunasisitiza kipimo, ni lazima kwanza kuielewa ardhi ya Goma. Mji huu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wa volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na kuingia katika Ziwa Kivu; tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena na kusimama pembezoni, upande wa Buhene. Juu ya mawe hayo watu hujenga, hulima bustani ndogo, na huzika. Mahali penye udongo laini vijana wanne wenye majembe na makoleo humaliza kaburi katika asubuhi moja. Kwetu wachimbaji huja na mitaimbo, patasi na nyundo nzito, na hupasua jiwe kipande kwa kipande tangu alfajiri. Mara nyingine hukutana na mwamba usiotoboka, wakalazimika kusogea hatua kadhaa na kuanza upya huku wafiwa wakingoja. Kwa hiyo shimo huwa na upana ambao jiwe limekubali kuutoa, wala hauzidi hapo. Sanduku lililotanuka mabegani, lenye kifuniko kinachochomoza na vishikio vikubwa vya chuma, hupendeza sana sebuleni, lakini likifika kaburini hukwama, na hakuna jambo linalomuumiza mfiwa kama kuona sanduku la mpendwa wake likiinuliwa tena na kuwekwa pembeni ili mawe yagongwe.

Ndiyo maana babu alitengeneza masanduku yenye kuta zilizonyooka na vishikio vinavyolala ubavuni. Alipima mambo matatu. La kwanza ni urefu, kutoka utosini hadi kisiginoni, akaongeza upana wa kiganja. La pili ni mabega, kwa sababu hapo ndipo mwili huwa mpana zaidi, na mtu aliyeugua kwa muda mrefu au aliyevimba hafanani tena na picha yake iliyotundikwa ukutani. La tatu ndilo ambalo mafundi wengi hulisahau: miguu. Mtu aliyelala chali, mara nyingi vidole vyake vya miguu ndivyo vinavyofika juu kuliko kifua, na fundi aliyepima kifua peke yake atajikuta kifuniko hakifungi. Vipimo hivyo vilichukuliwa kwa futi ya kamba, vikaandikwa katika daftari pamoja na jina, aina ya mbao na makaburi atakapozikwa, kisha mchimbaji mkuu akapelekewa upana na urefu wa nje wa sanduku kabla hajapiga nyundo ya kwanza.

Mbao zenyewe ni habari nyingine. Mwenye uwezo huomba libuyu, ambayo ni nyekundu, nzito na hupokea vanishi vizuri. Wengi huzikwa katika mkaratusi, ambao ni wa bei nafuu lakini hupasuka ukikaushwa kwa haraka, hivyo baba huuhifadhi kivulini kwa miezi. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, ndizo zinazotuletea mbao hizo hadi mlangoni, na vijana wanaozisukuma hujua kwamba mzigo wa nyumba hii haukaliwi juu. Hilo hawakuamriwa na yeyote.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa sababu ya sheria moja ya baba: mwanamke apimwe na mwanamke. Mama ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwanza, pamoja na kushona kitambaa cha ndani, na nilipotimiza miaka kumi na tisa akaanza kunichukua. Mara ya kwanza nilimpima mama mmoja muuza samaki ambaye nilikuwa nikinunua sambaza kwake. Wanawake wa familia walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika kitenge chake kizuri. Mama alinifundisha kumsalimu kwa jina kabla ya kumgusa, kumwomba ruhusa kwa sauti ya kusikika, na kumshukuru nikimaliza. Sikuona ajabu wakati ule, na sioni ajabu leo. Wale wanaokaa ndani ya chumba wanasikia, na najua kwa macho yangu kwamba vilio hupungua kidogo mtu wao anapozungumzwa naye kama mtu.

Nilikosea mara moja, na kosa hilo sijalisahau. Marehemu alikuwa njiani akiletwa kutoka mji mwingine, familia ilitaka kuzika siku ileile atakayofika, nami nikakubali kipimo kwa njia ya simu. Ndugu yake aliniambia kwamba ni mtu wa kimo cha kawaida, si mnene. Urefu ulikuwa sawa, lakini safari na joto vilikuwa vimeubadilisha mwili, na mabega yakakataa kuingia. Mjane alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Baba hakunikemea mbele za watu. Alimwomba mjane radhi yeye mwenyewe, akainama mbele yake, kisha tukarudi karakana tukafanya kazi usiku kucha kwa mbao alizozitoa bila kudai chochote. Tangu siku hiyo, mtu akifika kutoka mbali, sanduku halianzwi mpaka mwili ufike na kupimwa; hatukubali tena mwili ukute sanduku limekwisha kutengenezwa.

Kuna nyakati ambazo kipimo hakikuwezekana. Babu alituhadithia Julai ya mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikaua takriban watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Maiti zilifungwa katika mikeka na kulazwa kando ya barabara, kwa sababu jiwe lilikuwa lilelile na hapakuwa na mikono ya kutosha kulipasua. Ilibidi mashine za wanajeshi wa Ufaransa zichimbe makaburi ya halaiki. Babu alikwenda na mafundi wake wawili, wakiwa na mbao walizokuwa nazo, wakatengeneza masanduku ya watoto hadi mbao zikaisha siku ya pili. Alipokuwa akisimulia alifika hapo na kunyamaza.

Kisha ikaja Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika mkoa wetu ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha. Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza tarehe 14 Julai 2019, na ingawa walioambukizwa mjini walikuwa wachache mno, kazi yetu ilibadilika yote kwa siku moja. Virusi hivyo hubaki katika majimaji ya mwili wa marehemu, na kumwosha maiti kwa mikono mitupu, jambo ambalo kwetu ni upendo wa mwisho, kulikuwa mojawapo ya njia kuu za kuueneza ugonjwa. Vikosi vya mazishi salama na ya heshima vilikuja vikiwa vimevaa mavazi meupe, vikinyunyiza klorini, na mwili ukafungwa ndani ya mfuko. Mwanzoni mahali pengi familia zilipinga, zikasema watu wao wanaibwa. Mimi naamini hazikuwa zinaipinga sayansi, bali zilikuwa zinapinga kutenganishwa na mtu wao bila hata kumwona uso, na mambo yalitulia zaidi pale waliporuhusiwa kumwangalia kwa umbali, kushiriki sala na kutupa udongo wao wenyewe.

Baba hakutaka kuvunja masharti ya afya, wala hakutaka kutengeneza masanduku ya kipimo kimoja kana kwamba watu wote ni mtu mmoja. Akapata njia. Aliiomba familia nguo ambayo marehemu hakuivaa alipokuwa mgonjwa, iliyokuwa imefuliwa na kuning'inizwa kabatini: koti, gauni, suruali ya kanisani. Tulipima mabega ya koti na urefu wa suruali, tukaongeza nafasi kwa ajili ya mfuko. Siku moja bibi mmoja alileta gauni la binti yake likiwa bado na harufu ya sabuni, akalitandaza juu ya meza yetu ya kurandia na kulinyoosha mikono kwa viganja vyake, pole pole, kama mtu anayemvika mtoto. Nilimwachia muda wote aliouhitaji.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Vyumba vya maiti vya hospitali vilijaa, umeme ukakatika, na watu wa Msalaba Mwekundu walizika siku baada ya siku. Sisi tulijifungia ndani mpaka milio ikapungua, kisha baba akafungua mlango na kuanza kupigilia mbao kwa ukubwa wa aina tatu, bila kupima, bila kuranda, bila kitambaa. Katika daftari la siku hizo kuna mistari yenye ukubwa tu, na mahali pa jina ni patupu. Siwezi kufungua kurasa hizo bila kukaa chini kwanza.

Nasikia watu wakilalamika kwamba nyumba za mazishi siku hizi ni biashara, na sina la kuwapinga. Nimewahi kwenda na familia katika hospitali moja iliyokataa kuutoa mwili hadi deni la matibabu limalizwe, siku zikazidi, na gharama ya kuuhifadhi ikawa inaongezwa juu ya deni lilelile; nimeona pia wauzaji wakiwangoja wafiwa langoni na picha za masanduku yenye kung'aa. Mtu aliyefiwa usiku wa jana hawezi kupatana bei. Huona aibu kuchagua kilicho rahisi, hukopa, na matanga yakiisha hubaki na deni ambalo watoto wake watalilipa. Baba huwaambia wazi, mbele ya wazee wa familia, kwamba mkaratusi uliokauka vizuri unatosha, na fedha iliyobaki inunue unga wa mjane. Kwa maneno hayo tumepoteza wateja wa libuyu wengi, nami naona fahari kwa kila mmoja wao aliyetusikiliza.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja ambaye mumewe tulimzika miaka mingi nyuma. Alikuwa amekusanya fedha kidogo kidogo, na sasa alitaka kulijengea kaburi kwa saruji, lakini msalaba wa mti ulikuwa umeoza, na katika uwanja ule wa mawe meusi makaburi yote yalikuwa yamefanana. Nilishusha madaftari ya zamani. Jina lilikuwepo, kwa mwandiko wa mama yangu: mkaratusi, urefu sentimita 184, mabega sentimita 56, safu ya tatu kutoka njiani, kichwa upande wa ziwa, shimo limekuwa jembamba miguuni kwa sababu ya mwamba. Tulikwenda naye pamoja na mwashi, tukahesabu safu, tukaondoa kokoto kwa mikono mpaka ukingo wa shimo ukaonekana, mpana upande wa ziwa na mwembamba upande wa pili. Mama yule alipiga magoti akaupima kwa mkono wake, shubiri kwa shubiri. Kisha akamwambia mwashi kwamba anaweza kuanza kuchanganya saruji.