Mbolea ya urea kwenye hadubini, mbele ya watu

Anayeanza kurusha picha za hadubini ukutani huku muziki unapigwa hukimbilia maji ya dimbwi. Vijidudu vinapendeza, ila havina habari na ngoma: dakika nzima inapita skrini ikiwa tupu. Urea, ile mbolea nyeupe ya dukani, inasikia zaidi. Fuwele zake huota watu wakiona.

Pasha maji mililita 10, tia gramu 15 za urea, koroga. Kikombe kitakupoea mkononi, kwani urea ikiyeyuka hunyonya joto. Kiweke ndani ya bakuli la maji moto hadi punje ziishe, kisha chuja kwa pamba. Usikitoe bakulini, la sivyo maji hayo ya urea yatagandia kwenye dropa, kile kijimrija cha kudondoshea.

Rangi zinatokana na vichujio viwili vya polaraiza (karatasi angavu zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu), kimoja juu ya taa, kingine chini ya kamera. Kioo cha kompyuta mbovu kina karatasi zake. Ile yenye ukungu iweke upande wa taa, maana upande wa kamera itafifisha picha. Zungusha kimoja mpaka kote kuwe giza. Slaidi, vile vibapa vya kuwekea tone chini ya lenzi, ziwe za kioo, za plastiki huwaka rangi zenyewe.

Tone la urea kwenye slaidi lisiachwe nene. Livute kwa ukingo wa slaidi nyingine, kama maabara wanavyopaka damu ya kupima malaria. Utando mwembamba hutoa manjano, nyekundu na buluu. Ukizidi unene rangi huchujuka, unabaki weupe tu. Fuwele huanzia pembezoni, kwa hiyo lenga ukingoni, si katikati. Lenzi ya 4x inatosha. Ya 40x hukaa chini ya milimita 1 kutoka kwenye slaidi na italoa.

Kamera ikiachiwa ijirekebishe yenyewe, gizani hupandisha mwanga, fuwele za kwanza zinatoka zimeungua, halafu picha inazama ghafla. Funga mipangilio ya mwanga na rangi ya kamera kwa kutumia slaidi iliyokwisha kuganda.

Besi za spika hutikisa hadubini. Piga hesabu: milimita 3 za slaidi zikitandazwa mita 3 ukutani, mtikisiko wa sehemu moja ya mia ya milimita unakuwa sentimita nzima. Weka hadubini juu ya tofali lililolala kwenye tyubu ya baiskeli yenye upepo kidogo, mbali na jukwaa la mbao. (Wapo wanaoutaka mtikisiko huo. Mimi naona unachosha macho.)

Kufuta picha, dondosha tone la maji moto ukingoni: fuwele zinayeyuka, ukuta unarudi gizani. Tone moja tu, mawili yatafika kwenye taa.