Matangi mawili ya shule, wiki kwa wiki: kumbukumbu ya mradi wa klabu

Kazi ni kuvuna maji ya mvua kwenye jengo moja la madarasa. Anayeisimamia ni kamati ya miradi ya klabu yetu ya kujitolea, nayo hutoa taarifa katika kila mkutano wa wiki. Vipimo vimebakizwa vyote, hotuba zimeondolewa zote. Klabu nyingine ikitaka kufanya kazi hii, ichukue hesabu na ibadilishe namba zake.

Wiki ya 1: paa kwanza

Klabu hupenda kuanza na tangi kwa sababu ndilo linalopigwa picha. Sisi tumeanza na paa. Jengo lina urefu wa mita 15, na upande mmoja wa paa, ukipimwa chini ardhini na si kwa kufuata mteremko wa bati, ni mita 4. Hizo ni mita za mraba 60. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, ila bati halitoi yote: mengine huruka, mengine hukauka. Tumehesabu asilimia 85, yaani lita 51 kwa kila milimita. Lita 10,000 zinahitaji mvua ya milimita 196 hivi. Eneo lisilopata kiasi hicho katika msimu mmoja halina haja ya tangi kubwa hivyo. Fedha iende kwenye gata, yaani mifereji ya ukingoni inayopokea maji, za upande wa pili wa paa.

Bati limekaguliwa kabla ya ahadi yoyote kutolewa kwa mwalimu mkuu. Paa la asbesto, rangi ya zamani yenye madini ya risasi, au vipande vya risasi kwenye maungio vingetosha kuufuta mradi wa maji ya kunywa. Hapa ni bati la kawaida lenye kutu kidogo ukingoni. Mti mmoja unaning'inia juu ya paa. Matawi yamekatwa, maana ndege wakikaa hapo, kinyesi chao huishia kwenye tangi.

Mkutanoni: wageni wawili, mwanachama mpya mmoja ameapishwa. Mradi umepewa dakika kumi za ajenda kila wiki, mwanzoni. Taarifa ya mradi ikiwekwa baada ya mzungumzaji mgeni, haitasomwa. Ataongeza dakika na watu wataanza kuangalia saa.

Wiki ya 2: kimo kimelikataa tangi la lita 10,000

Wanachama wengi walitaka tangi moja la lita 10,000. Tumepima. Ukingo wa paa uko mita 2.7 kutoka ardhini. Tangi tulilotajiwa lina kimo cha mita 2.4, na jukwaa linatakiwa liwe na sentimita 40 ili ndoo ikae chini ya koki. Jumla mita 2.8. Mdomo wa tangi ungekuwa juu ya paa lenyewe, na maji hayapandi.

Kosa hili huonekana mara nyingi kwenye miradi ya kujitolea: tangi limenunuliwa, limefika, ndipo fundi anasimama na futi mkononi. Linalofuata ni kushusha jukwaa, na koki inabaki karibu na udongo, watoto wanakinga maji kwa kikombe.

Suluhisho ni matangi mawili ya lita 5,000, kila moja lenye kimo cha mita 1.9 na kipenyo kama hicho. Jukwaa 0.4 na tangi 1.9 ni mita 2.3. Sehemu ya chini kabisa ya gata itatoa maji kwenye mita 2.5. Zinabaki sentimita 20 za kuweka chujio na kona ya bomba, si zaidi. Faida nyingine ni kwamba tangi moja linaweza kuoshwa wakati jingine linatumika.

Ankara kifani tatu, yaani hati za bei kabla ya kununua, zimeletwa. Mweka hazina amezirudisha mbili, na yuko sahihi: moja iliandika "gata za bati" bila geji (namba ya unene wa bati), nyingine ilitaja geji 30. Tuliomba geji 28. Kwenye geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi, kwa hiyo bei ya chini haikuwa nafuu, lilikuwa bati lingine. Ankara zisizotaja unene, kipenyo na urefu wa kipande hazilinganishwi.

Wiki ya 3 na ya 4: zege

Jukwaa la matangi mawili ni mita 4.4 kwa 2.3. Kuta za mawe zimezungushwa, ndani kumejazwa kifusi na kushindiliwa kila tabaka la sentimita 15. Kifusi kisiposhindiliwa hushuka baadaye, na zege linabaki likining'inia katikati. Juu yake zege la sentimita 15 lenye wavu wa nondo, uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto. Ujazo ni mita za ujazo 1.5: mifuko 10 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.7, kokoto 1.4. Tumeongeza mfuko mmoja wa akiba.

Maji ya kuchanganyia ndiyo yaliyosumbua. Wanachama wa kujitolea hupenda zege laini kwa sababu halichoshi mikono, nalo zege lenye maji mengi ni dhaifu na hupasuka linapokauka. Fundi alichukua ndoo ya maji, akawa anapima yeye. Siku ya kujitolea ihesabiwe kwa zana, si kwa vichwa: koleo nne zinatosha watu wanane wa kupokezana. Wanaobaki wapewe kazi nyingine kabisa, kupaka rangi au kukata nyasi, la sivyo watasimama kwenye kamba za vipimo.

Baada ya hapo, siku 7 za kumwagia maji asubuhi na jioni, zege likiwa limefunikwa magunia. Matangi yakijaa yatakuwa na tani 10 juu yake, kwa hiyo hakuna haraka. Kazi ya kumwagia ameandikwa mtu mmoja kwa jina. Katika jedwali letu la ufuatiliaji kuna safu tatu tu: kazi, mtu mmoja, tarehe. "Kamati itafuatilia" hairuhusiwi kuandikwa, kwa sababu maana yake ni kwamba hakuna atakayefuatilia.

Wiki za zege hazina cha kuonyesha, na baadhi ya wanachama huuliza kwa nini tukutane. Ratiba ya kila wiki si mpya kwa klabu za aina hii. Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea, ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, Paul Harris na wenzake watatu, wakikutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, na zamu hiyo (kwa Kiingereza "rotation") ndiyo iliyoipa jina. Kazi yake ya kwanza ya umma, mwaka 1907, ilikuwa vyoo vya jiji. Tangu 2016 kanuni zake zimelegezwa, klabu inaweza kukutana hata mara mbili kwa mwezi. Kwa klabu isiyo na kazi ya mikono inayoendelea, mara mbili zinatosha. Zege linalokauka haliwezi kusubiri siku kumi na nne.

Wiki ya 5: gata

Hapa ndipo mradi huu utakapopona au kufa. Kanuni ya haraka ni sentimita moja ya mraba ya tundu la gata kwa kila mita ya mraba ya paa. Tunahitaji 60. Gata ya nusu duara yenye upana wa sentimita 15 ina 88, inatosha na inaacha nafasi ya majani.

Mteremko haukuwekwa sawa kwa urefu wote. Theluthi mbili za mwanzo, mita 10, zinashuka sentimita 5, yaani nusu asilimia. Theluthi ya mwisho, mita 5, inashuka sentimita 5 nyingine, asilimia moja, kwa sababu hapo maji ni mengi. Jumla sentimita 10. Ukiweka asilimia moja kote, mwisho wa gata utakuwa sentimita 15 chini ya bati na mvua kali itaruka juu yake.

Kamba imevutwa kwanza, alama zimewekwa kwa kalamu kwenye ubao wa ukingo, ndipo vishikio vikapigwa kila sentimita 60: vishikio 26, na viwili vya ziada kwenye kila kiungo. Pima maji fupi haiwezi kuonyesha nusu asilimia, kwa hiyo tegemea kamba na futi. Vipande vya gata vinalaliana sentimita 10, cha juu kikiwa ndani ya cha chini kwa kufuata maji yanakoelekea, silikoni katikati, ripiti juu. Kikilazwa kinyume, kiungo kitavuja hata kikijazwa silikoni yote ya dukani.

Jaribio ni ndoo moja ya maji kumwagwa mwanzo wa gata. Maji yakisimama mahali, kishikio cha hapo kinashushwa au kinachofuata kinapandishwa. Maji yaliyosimama ni mazalia ya mbu.

Ngazi: kwa kila mita nne za kupanda, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani, na mtu mmoja akiishikilia muda wote.

Wiki ya 6: maji ya kwanza yatupwe

Mvua ya kwanza huosha vumbi, kinyesi cha ndege na majani. Tumetenga nusu milimita ya paa zima, lita 30. Chombo chake, bomba la uchafu, ni bomba la plastiki lililosimamishwa wima kabla ya tangi. Bomba la milimita 110 hubeba lita 8 na kidogo kwa mita, lingehitaji kuwa na urefu wa mita 3.6, na paa halina kimo hicho. La milimita 160 hubeba lita 18 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 1.7 zinatosha. Juu kuna tii, kiungo cha bomba chenye umbo la T. Likijaa, mpira unaoelea ndani yake huziba mdomo, na maji yanayofuata huenda tangini.

Kifuniko cha chini ni cha kufungua kwa mkono, na kimetobolewa tundu la milimita 2 ili bomba lijimwage lenyewe kwa saa moja na nusu hadi mbili. Tundu hilo litaziba. Swali si kama litaziba, ni lini. Likiziba bomba linabaki limejaa, na uchafu wa mvua inayofuata unakwenda moja kwa moja tangini bila mtu kujua. Kwa hiyo kifuniko kinafunguliwa na kuoshwa baada ya kila mvua kubwa, na jina la mwenye kazi hiyo limebandikwa ukutani pembeni yake.

Matangi yameunganishwa chini kwa bomba, kila moja na geti valvu yake ya kufunga maji na yunioni, kiungo kinachofunguka. Katikati kuna kipande cha bomba laini. Bomba gumu tupu si zuri hapa: matangi yakijaa hushuka na kutanuka, si kwa kiwango kimoja, na kinachopasuka ni mdomo wa tangi, ambao haurekebishiki kirahisi. Bomba la kutolea maji yanayozidi lina kipenyo sawa na la kuingiza, mdomo wake una wavu wa tundu la milimita moja, na linamwaga mbali na jukwaa.

Wiki ya 7: kuosha na kukabidhi

Ndani ya matangi kulikuwa na vumbi la plastiki. Kuta zimesuguliwa kwa lita 20 za maji yenye gramu 6 za unga wa klorini wa asilimia 65, zikaachwa nusu saa, zikasuuzwa mara mbili. Unga huo hauchanganywi na dawa nyingine yoyote ya usafi. Anayeingia tangini haingii bila mwenzake kwenye mdomo wa tangi anayemwona.

Maji ya kunywa yatatibiwa kwenye vyombo vya darasani, si ndani ya tangi, kwa sababu kiasi cha tangi hubadilika kila siku na kipimo hakitakuwa sahihi. Baada ya dakika 30 klorini iliyobaki iwe miligramu 0.5 kwa lita.

Makabidhiano yana karatasi moja yenye mambo manne: nani ana ufunguo wa koki, nani anafungua kifuniko cha bomba la uchafu, gata zinafagiliwa lini, na namba ya kumpigia fundi. Tumekataa kibao cha jina la klabu kwenye tangi hadi mvua ya kwanza ipimwe.

Wiki ya 9: hesabu ya mvua ya kwanza

Kipimo cha mvua kilionyesha milimita 18. Mara 51 ni lita 918. Toa 30 za bomba la uchafu, tulitarajia 888. Matangi mawili kwa pamoja yana eneo la mita za mraba 5.67, maji yalipanda sentimita 13, yaani lita 737. Zimepotea kama lita 150.

Alama za matope ukutani zimeonyesha mahali: mita tatu za mwisho wa gata, pale iliposhuka zaidi chini ya bati. Mvua ilikuwa kali na maji yaliruka. Dawa yake ni ukanda wa bati wa upana wa sentimita 25, uliokunjwa na kuripitiwa kwenye ukingo wa paa, ukining'inia hadi ndani ya mdomo wa gata ili maji yagonge na kuanguka humo. Mita tano zinatosha. Kazi imeandikwa kwenye jedwali, mtu mmoja, Jumamosi ijayo.